Chipu ya Pili na Ile Amplifaya ya Kigango

Delft,
Uholanzi.
Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa Mjomba Magige,

Shikamoo Mjomba. Habari za Nyasura, na za banda lako la redio? Mgongo unaendeleaje? Mama Gody aliniambia bado unainama juu ya meza mchana kutwa kama vile daktari hakusema kitu. Na mihogo ya Bibi kule Butiama, mvua imeikuta shambani au walishavuna? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi nimeizoea, ila ugali wa udaga wa mihogo yake nauota.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu unanikatizaga, na haya ya leo nataka uyasikie mpaka mwisho. Kaa chini kwanza.

Mjomba, imefanya kazi! Chipu yangu imefanya kazi! Jumanne saa nne asubuhi, mbele ya watu kumi na mmoja, nilipiga kigelegele cha kwetu mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Ngoja nikueleze kifundi, maana ukoo mzima ni wewe tu utakayenielewa. Kompyuta tunayoijenga ni ya kwanta. Vijisehemu vyake vya kufanya hesabu vinaitwa kyubiti, vinakaa kwenye friji lenye baridi ambayo hata barafu ni moto mbele yake, na amri vinapokea kwa mawimbi ya redio. Kazi yangu ni kuchora chipu, ndogo kuliko ukucha, inayokaa humohumo kwenye baridi na kuvirushia mawimbi hayo. Yaani ni kituo cha redio, Mjomba, chenye wasikilizaji wanne tu! Lakini wakisikia ngurumo kidogo, wanasahau walichokuwa wanahesabu.

Chipu ya kwanza iliunguruma. Hilo sikukwambia. Mwaka jana, mchoro ukiwa karibu kwenda kiwandani, niliona saa ya chipu, ile inayoipigia mapigo ya kazi, na sehemu ya kurushia mawimbi zinatumia njia moja nyembamba ya ethi, ya kurudishia umeme. Wewe hapo umeshajua kilichofuata, mapigo ya saa yanavuja na kuingia kwenye mawimbi. Lakini sehemu hiyo aliichora Mzee Hendrik, mkubwa wetu wa kazi, na mimi ningeanzaje kumkosoa mzee mbele ya watu? Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani, nikatafuta mtu wa kunipelekea maneno. Nikamwambia Pieter, jirani yangu wa meza, taratibu, kwa kuzunguka, kwamba huenda Mzee angependa kuitazama tena ile ethi. Nikatulia nikijua ujumbe umefika. Thubutu! Pieter alidhani tunapiga soga. Mchoro ukaenda na kosa lake, tukasubiri miezi mitano, chipu ikarudi inaunguruma kama redio ya mkulima iliyonyeshewa.

Nililia, Mjomba. Wenye mradi wakatupa nafasi moja ya mwisho. Chipu ya pili ikishindwa, kikundi kinavunjwa na mkataba wangu unaishia Aprili. Nilishaanza kuwaza nitakavyoshuka stendi ya Bunda na mabegi yangu, watu wakiuliza kulikoni.

Septemba, kwenye kikao cha mwisho cha mchoro, nikaona tena. Mzee alikuwa ameipanua ile njia lakini bado ilikuwa moja. Nikasimama, nikasema mbele ya wote kwamba, samahani Mzee, hapa umekosea, na mara ya kwanza pia niliona nikanyamaza. Nikajua leo nimejitafutia laana ya kunifuata mpaka Butiama. Mzee akavua miwani, akautazama mchoro muda mrefu, kisha akanisukumia kalamu. "Chora wewe." Nikazitenganisha palepale, kila moja na njia yake.

Basi Jumanne tukawasha. Nikaitafuta ngurumo kwenye kioo cha mashine ya kupimia, sikuiona. Nikaitafuta tena, maana siamini haraka. Safi! Kyubiti zote nne zikatii. Mzee Hendrik alinishika mikono yote miwili, na kufika jioni mkataba wangu ulikuwa umeongezwa miaka mitatu. Nina furaha, Mjomba, na ninajivuna, na sitaki mtu aniambie nijishushe.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Kwa kuwa nimeshaonja kusema, siwezi kuishia kwa Wazungu. Ile amplifaya ya kigango iliyoungua siku ya kipaimara, Askofu akahubiri kwa koo tupu, haikuharibiwa na panya kama ulivyowaambia watu. Uligeuza waya za betri. Nilikuwa likizo ya mwaka wa pili chuoni, nimesimama karibu yako na bisibisi mkononi. Nikaona, nikanyamaza, kwa sababu wewe ni Mjomba. Ukawawekea panya wa watu sumu mwaka mzima! Nisamehe. Siombi msamaha wa kusema, naomba wa kunyamaza.

Nisalimie sana Mama Gody, Gody, Bibi, na Mama Mkubwa Yuliana wa Kitaji, mwambie sangara wake wa kukaushwa bado nawadai. Mungu akulindie macho na huo mgongo, nikukute bado unainama.

Desemba nakuja na amplifaya mpya ya kigango. Utaifunga wewe mwenyewe, mimi nitashika bisibisi. Nikiona, nitasema.

Mpwa wako akupendaye kuliko zamani,
Matrida