Sindano Unyayoni

Mdogo wangu,

Huku tunaendelea. Mbuzi amezaa mapacha, na shemeji yako bado anahangaika na lile paa linalovuja. Mimi nashona sare za shule, ila situlii kitini. Nainuka, nachungulia njiani, narudi.

Nikueleze kilichoninyima raha. Juzi mteja alikuja kuchukua gauni lake, akatazama chini ya cherehani akauliza, "Dada, hiyo damu ya nani?" Ilikuwa yangu. Sindano ilikuwa imezama unyayoni, nami nimekanyaga pedali asubuhi nzima bila kuhisi chochote.

Muuguzi wa zahanati aliichomoa, akasafisha kidonda. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, dawa za sukari uliacha lini?"

"Nilipojiona nimepona."

"Basi mguu wako haukupata habari."

Sasa nameza dawa kila siku, na chai nanywa bila sukari. Asubuhi shemeji yako huvaa miwani akanikagua nyayo kama anayechambua mchele. Tunacheka, lakini akitoka tu, hofu inanirudia.

Na hofu yenyewe si ya mguu wangu. Wifi amenidokeza kuwa umekonda, unakunywa maji mchana kutwa na kiu haikatiki, na kwamba umemkataza asiniambie. Usimkasirikie. Nakuja Jumamosi, twende kupima wote wawili. Ukikataa, nitakaa sebuleni kwako mpaka unichoke.

Dada yako, ambaye ameshafunga mizigo