Nati Aliyoikaza Kaka

Jumanne, 9 Septemba

Diski ya msumeno wa meza imegoma kutoka. Meno yamekwisha, mbao zinaungua badala ya kukatika. Nati aliikaza kaka mwenyewe, asubuhi ileile kiharusi kilipomwangusha. Yule mtu alikuwa na mkono wa chuma! Nimechomoa plagi, nimebana diski kwa kipande cha mbao, nimening'inia kwenye spana — mimi, niliyebeba injini ya lori begani huku napiga mluzi! Wapi. Binti wa kaka kanicheka: eti baba mdogo, lilikuwa lori la kuchezea? Nimemwambia aulize watu.

Alhamisi, 11 Septemba

Mafuta nimemimina tangu jana. Hola. Leo nimeigonga spana kwa nyundo, nyumba nzima inalia ngo! ngo! Mara shemeji katoka chumbani mbio. Kaka amesema kitu! Tangu augue hajatamka neno, kageukia ukuta tu. Nikaingia. Mdomo umepinda, maneno yanatoka moja moja: "Geuza... meno... yanakotazama." Kumbe siku zote nilikuwa naikaza! Akamalizia: "Bwege wewe." Shemeji akaangua kilio. Mimi vumbi la mbao liliniingia machoni.

Nikarudi, nikageuza alivyosema. Nati ikaachia kama kifuniko cha chupa! Nilishafungua mdomo mtaa mzima usikie. Nikaufunga. Nikairudisha nati, nikaikaza kidogo tu. Nikaenda kumwambia kaka bado imegoma, imenishinda. Imenishinda — mimi! Akanitazama weee. Halafu kwa ule mkono mzima akatupa shuka pembeni.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumemtoa! Mimi huku, shemeji kule, mpaka kwenye kiti mbele ya mashine. Kainusa karakana kama mtu aliyerudi safari. Nikamwekea spana kwenye mkono mbovu, wangu juu yake. Mkono baridi, mwepesi — mkono ulionifundisha kushika randa. Sikusukuma, haki ya Mungu. Jasho likamtiririka. Shemeji akasema basi, inatosha, arudi kulala. Kaka akamwambia: "Niache." Kisha kwangu: "Toa mkono wako."

Nikautoa. Spana haikwenda. Ila kidole gumba — nimekiona kwa macho yangu, na hii si ya injini ya lori — kimejikunja.

Anapumzika hapohapo kitini, hataki kusikia habari za kitanda. Nimejibanza kwenye rundo la mbao naandika. Ananiita. Anasema niache kuandika uongo wangu, nije nishike diski, ameshapumzika.