Wageni Niliowaweka Nyumbani Kwako

Mukendo, Musoma
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Rafaeli,

Shikamoo kaka. Poleni na kazi, na mpe pole wifi Jeska kwa joto la Mtwara, maana alisema hatalizoea hata akikaa huko mpaka uzeeni. Kifua cha mwanetu Silasi kimetulia? Mama anamuulizia kila asubuhi kabla hata hajanawa uso.

Sisi huku tunaendelea. Mguu wa mama unavimba jioni, ila anatembea mpaka kwa jirani na kurudi, na kula anakula, hasa akipata samaki wa ziwani, furu wabichi. Vuli bado, Mukendo yote ni vumbi. Biashara yangu ya dagaa siku nyingine inatoka, siku nyingine narudi na ndoo kama nilivyokwenda nayo.

Najua umeshangaa kuona bahasha wakati simu ipo. Nimejaribu kukupigia. Ukipokea tu na kusema "haya mdogo wangu, lete habari," nabaki kuulizia watoto. Kwenye karatasi hutaweza kunikatisha kwa upole wako. Isome ukiwa umekaa, na wifi naye aisome.

Kaka, nyumba yako ya Butiama ilikaliwa na watu. Mimi ndiye niliyewaweka.

Unakifahamu kile kikundi chetu cha kujitolea cha kanisani, kinachoongozwa na katekista Baltazari. Baada ya Pasaka tuliitwa Kisorya. Kulikuwa na familia ya Warundi iliyoshuka kwenye kivuko kutoka Ukerewe, wanalala pembeni ya vichanja vya dagaa. Mume anaitwa Melkiori, mke Spesioza, mimba yake kubwa, na binti yao mdogo Divina. Melkiori alikuwa dereva wa gari la abiria Bujumbura. Petroli ilipokuwa haipatikani gari likalala, na lilipolala na wao wakalala njaa. Wakauza cherehani, wakauza kitanda, mwisho wakaondoka. Hawakukimbia bunduki, kwa hiyo kila walipofika waliambiwa ninyi si wakimbizi, rudini kwenu.

Tulipokaa kikao, Baltazari akauliza nani ana mahali pa kuwahifadhi wakati anawafuatilia kibali. Kila mtu akatazama viatu vyake. Nikanyoosha mkono nikasema, "Mimi nina nyumba."

Nilisema nina. Sikusema kaka yangu ana. Ulishaniambia ulipokuwa unanikabidhi funguo kwamba nyumba ile asilale mtu mpaka mtakapohamia, kwa sababu wifi aliihangaikia kuliko hata wewe. Nililikumbuka neno hilo pale pale, na mkono sikuushusha. Watu walipiga makofi. Jumapili nikatajwa kanisani kwamba Esta ana moyo. Kaka, nisikufiche, nilifurahi sana. Mjomba Mugeta alipoona wageni wanaingia nikamwambia wewe umeruhusu.

Ungeniruhusu kweli kama ningekuuliza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Walikaa vizuri. Melkiori alizibua mifereji ya bati, akalima kile kipande cha nyuma, akapanda maharage. Spesioza alijifungulia hospitali ya karibu, mtoto wa kike, wakampa jina langu. Nikawa naitwa somo, nami naitika.

Halafu ukaja Agosti. Ulisema unakuja kumwona mama tu, nikajipa moyo kwamba Butiama hutafika. Jioni ile ukasema, "Kesho twende nikaione nyumba." Ningeweza kukwambia palepale tukiwa tunakula. Badala yake nilitoka nje nikampigia Spesioza. Nikamwambia mafundi wanakuja kupaka rangi, harufu itamdhuru kichanga, waondoke alfajiri waende Bunda kwa rafiki yangu Sabina kwa siku chache, halafu watarudi. Akasema, "Sawa mama, asante kwa kumfikiria mtoto."

Kabla sijaingia ndani Baltazari naye akapiga. Alitaka kesho yake awapelekee unga Butiama. Nikaona mtakutana mlangoni. Nikamwambia asijisumbue, wameshaondoka wenyewe, wamerudi kwao Burundi. Akasikitika kwamba hawakumuaga.

Asubuhi nilikutangulia nikisema nakwenda kufagia. Mikeka yao, masufuria na kanga za mtoto nikavifungia jiko la nje. Ulipouliza ufunguo wa jiko nikasema umepotea. Ulipouliza nani amelima nyuma nikasema mimi, ukanisifu, na maharage hayo ukayala. Mjomba Mugeta alikuja akakushika mkono akasema umefanya jambo la Kikristo. Wewe ulidhani anazungumzia yale mabati uliyochangia kanisa, ukamjibu ni kidogo tu mjomba. Mimi nilikuwa nakuna ukoko kwenye sufuria safi.

Unakumbuka simu yangu ilivyolia tukiwa barazani, ukaniambia pokea? Nikasema ni watu wa promosheni, nikaizima. Alikuwa Sabina.

Kaka, saa hiyo Melkiori alikuwa ameshikiliwa. Gari walilopanda kwenda Bunda lilisimamishwa na maafisa wa uhamiaji, abiria wakaulizwa vitambulisho. Melkiori hakujificha. Alisema ni Mrundi, anahifadhiwa na watu wa kanisa, na kibali chake kinashughulikiwa na katekista. Afisa mmoja akamsikiliza, akasema basi tumpigie huyo katekista. Na Baltazari, ambaye hajui kusema uongo, akasema alichoambiwa na mimi: namfahamu mtu huyo, lakini ameshaondoka na familia yake kurudi kwao. Kwa hiyo Melkiori akaonekana mwongo mbele ya mke wake na abiria wote.

Spesioza walimhurumia kwa ajili ya kichanga, wakamwacha afike Bunda. Ndipo Sabina akaanza kunipigia. Sikuiwasha simu mpaka basi lako lilipoondoka Musoma siku ya pili yake. Wakati huo Melkiori alikuwa ameshasafirishwa mpakani.

Nilikwenda Bunda nikawakuta nyuma ya nyumba ya Sabina. Divina alinikimbilia akauliza kama rangi imekauka.

Nikawaleta hapa Mukendo. Mama amempenda Divina, wanalala kitanda kimoja. Mimi niliendelea kunyamaza wiki nzima. Spesioza alikuwa anasema ni bahati mbaya tu, pengine simu haikusikika vizuri, na bado ananiombea kabla ya kula. Siku moja alianza kuniombea nikamwambia anyamaze. Nikamwambia yote. Nyumba si yangu, rangi haikuwepo, na maneno ya Baltazari kwenye simu yalikuwa maneno yangu.

Hakunitukana. Alimtoa mtoto kwenye titi, akamfunga vizuri, ndipo akasema:

"Mama, sisi tumezoea kuambiwa ondokeni. Ungesema ondokeni tungeondoka, na Melkiori angekwenda kwa katekista kwanza kuomba njia. Wewe ulituambia tunarudi."

Nikamwomba ambadilishie mtoto jina. Akasema mtoto hana kosa na jina halina kosa, ila kuanzia siku ile hajaniita somo tena. Ananiita mama Esta kama majirani wanavyoniita. Anapika, anafua, anamkanda mama mguu. Kuniombea ameacha, na nimeona ni haki yake.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi nikayasema hayo hayo. Nilitegemea watanizomea. Baltazari ndiye aliyeinama akajishika kichwa, akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyemfunga yule kijana kwa mdomo wangu." Nilimwambia hapana, kosa ni langu peke yangu, lakini tangu siku hiyo amedhoofika, na Jumapili aliyopangiwa kuongoza ibada alimwomba mwingine ashike. Kaka, hapo nilielewa kwamba hata kutubu kwangu kumemwangukia mtu mwingine.

Melkiori yupo kwa ndugu yake huko Burundi. Wanaongea na Spesioza vocha ikipatikana. Hasira anazo, na hataki kuongea na mimi. Amesema atarudi kwa njia iliyonyooka, na karatasi mkononi, kwa sababu hataki tena kuitwa mwongo mbele ya binti yake.

Baltazari amekwenda uhamiaji hapa mjini kuuliza. Wamemwambia Melkiori anaweza kuomba upya, ila yule aliyewahifadhi aende mwenyewe aeleze kwa maandishi, waelewe kwa nini maneno yaligongana. Nitakwenda Alhamisi. Nimeambiwa pia kwamba ninaweza kushtakiwa kwa kukaa na watu bila kutoa taarifa kwa wakati. Naogopa, siwezi kusema siogopi. Nimemwambia Sabina kama nikichelewa kurudi aje akae na mama.

Watauliza nyumba ni ya nani na nitataja jina lako. Ndiyo sababu barua hii nimempa kondakta wa basi leo, ikufikie kabla yao. Najua ulivyo kaka. Nilipovunja dirisha la mwalimu nikiwa mdogo ulisema ni wewe, ukachapwa. Sasa unaweza kufikiri ukisema uliniruhusu nitapona. Wakikupigia, nakusihi, usinitetee. Usiseme uliniruhusu. Sema kweli, kwamba hukujua chochote. Melkiori amekwisha kuumia kwa uongo uliosemwa kwa nia ya kuficha aibu yangu, na sitaki arudishwe kwa uongo mwingine, hata ukiwa wa upendo.

Kuhusu nyumba, funguo nimezirudisha kwa mjomba Mugeta na yeye nimemweleza. Wewe na wifi ndio mtaamua. Spesioza hajaniomba kurudi kule, na mimi sikuombi chochote kwa niaba yake.

Nisalimie wifi Jeska, nitamwandikia peke yake nikipata la kumwambia. Nisalimie Silasi na wadogo zake. Mjomba Mugeta anawasalimu, na mama anasema mkija mje na korosho. Sabina naye anakusalimu, ingawa hujawahi kumwona.

Bwana awafunike, na awape amani kwa kiasi nilichowapunguzia.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda na leo ninakuogopa,

Esta