Mama Yangu Amenyamaza na Binti Yangu Hajui Kifilipino

Mpendwa Dada Charing, naomba msaada wako na naandika nikiwa nimejifungia bafuni hapa Pasig ili mama yangu asinione, maana Jumamosi anapanda basi kurudi kwetu Lemery na amesema harudi tena, na kosa, nakiri, ni langu. Nina binti mmoja, Tala, ana miaka sita. Alipozaliwa, mimi na mume wangu Nestor tuliamua asikie Kiingereza tu ili apate shule nzuri, nikamkataza kila mtu kumsemesha Kifilipino, hata mama aliyekuja kunisaidia kulea, naye akacheka akasema, "Mwanangu, mimi Kiingereza kikipita maneno kumi natokwa na damu puani," nikadhani utani, kumbe kweli, akamaliza yake kumi akanyamaza. Sasa Tala yuko darasa la kwanza, mtihani wa Kifilipino kapata nne kati ya ishirini, wenzake wanamwita mtalii, basi nikanunua kadi za picha, nikabandika majina kwenye jokofu, mlangoni, hadi kwenye sufuria ya wali, na kila jioni namtahini, yeye analia, mimi namfokea, tena kwa Kiingereza. Juzi mama alikuwa anachambua majani ya mlonge kwa supu, Tala akamtazama weee, akaniuliza kwa Kiingereza chake, "Mama, Bibi betri yake imeisha?" Mama hakuelewa maneno, lakini uso wangu aliuelewa. Kesho yake akaanza kukunja nguo. "Niache nikaongee na kuku wangu," akasema, "wao angalau wananijibu." Dada, nampenda mama yangu. Nimempata mwalimu wa Kifilipino wa kwenye mtandao, je, nimwajiri, au nifanyeje?

Florabel, Pasig

Florabel, nimekusoma nikacheka, nikakasirika, halafu nikacheka tena. Pole, lakini ukweli utaupata. Unataka kununua maji ya chupa na kisima kiko jikoni kwako, tena kifuniko uliweka wewe.

Hebu niambie, wewe nani alikufundisha? Uliwahi kuona kadi? Ulitumwa kitunguu saumu ukaleta tangawizi, ukagombezwa, ukarudi. Ulikaa chini ya meza ukasikiliza umbea wa shangazi zako wote wa Lemery. Hakuna mtoto aliyejifunza kusema "po" ya heshima kwa wakubwa kwa kufundishwa na jokofu. Na hicho Kiingereza unachokiogopea hakiendi popote, mtoto wa miaka sita ana nafasi ya lugha mbili na ya ukorofi juu yake.

Huyo mwalimu wa mtandao mwache. Leo leo, Tala akiwa anaona, mwendee mama yako, uchukue mkono wake uuweke kwenye paji la uso wako kama ulivyolelewa, umwombe radhi kwa lafudhi ya kwenu ile unayoificha ofisini. Usijitetee. Atakusema, nawe umsikilize mpaka amalize, maana ana miaka sita ya maneno tumboni.

Kisha mpe jikoni na mpe mtoto. Wachambue mlonge, waoshe mchele, wagombane. Tala akikosea usimsahihishe, na akikukimbilia umtafsirie, sema hujui, mwambie akamuulize Bibi. Nestor naye asiingilie. Kadi bandueni, isipokuwa ile ya sufuria, maana kwa gundi ya siku hizi mtaiharibu sufuria bure.

Neno utakalomfundisha wewe mwenyewe ni moja tu, na ulifundishe kabla ya Jumamosi. Mkalishe mapajani, bila mtihani, alirudie mpaka lizoeleke mdomoni mwake. Asubuhi hiyo, begi likiwa mlangoni, mpeleke kwa bibi yake aseme kwa Kifilipino, kwa sauti yake mwenyewe: "Bibi, usiondoke, sijamaliza kuongea na wewe."

Atalikosea kidogo. Mwache alikosee. Mama yako ataweka begi chini ili amsahihishe.

Dada Charing