Mjukuu Wangu Amepata Mkanda, Familia Nzima Inamwombea Apone

Mpendwa mshauri Namalwa,

Naomba msaada wako, na nakusihi usiniweke nyuma ya foleni ya wale walioachwa na wapenzi, maana wao bado wana muda na mimi wangu umekuwa mfupi, daktari wa hospitali ya Nsambya ameniambia wazi kwamba moyo umechoka na dawa anazonipa sasa ni za kunirahisishia pumzi tu, si za kuniponya, na alipoinama kunieleza alidhani nitalia, lakini mimi nilimuuliza kama bado naruhusiwa samaki wa ziwani Ggaba, akacheka, akasema, "Kula, Mwalimu, kula."

Mimi ni mjane, mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Kansanga, wa ukoo wa wale Waislamu waliofika huku na biashara kutoka pwani, zamani sana, hata sisi wenyewe hatukubaliani tena ni mji gani tuliotoka. Kufa sikuogopi. Nimefundisha, nimezaa, nimezika niliyempenda, nimekaa kwenye veranda yangu nikanywa chai ya tangawizi nikasema alhamdulillahi na nikamaanisha. Kinachoninyima usingizi ni mjukuu wangu, ambaye hapa nitamwita Nusura, na majina mengine pia nimeyabadilisha, ingawa najua binti yangu akiona barua hii atajitambua kabla hajafika katikati, kwa sababu ukurasa wako yeye hausomi, anaumeza.

Nusura aliondoka kwenda Abu Dhabi kuwa mlinzi wa lango la shule, kama wasichana wengi wa hapa wanavyoondoka, na katika shule hiyo watoto walikuwa wakifundishwa jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kupigana mieleka sakafuni, watu wamevaa makoti mazito na mikanda ya rangi, hakuna ngumi wala teke, kazi yao ni kukabana na kubanana viungo mpaka mmoja akubali kushindwa. Siku moja kocha akamwambia, "We mlinzi, unatuangalia kila siku, vua viatu uingie." Akavua. Tangu siku hiyo hajatoka mkekani. Mkataba wake ulipokwisha hakurudi nyumbani, alikwenda Tbilisi, akaenda Istanbul, akaenda Kuala Lumpur, na kila mji anakaribishwa na watu wa mchezo huo, analala ukumbini kwao, anafagia na kufua mataulo, anafundisha watoto wadogo, jioni anafanya mazoezi yake. Ile miji niliyoifundisha kwa chaki, miaka yote hiyo, bila kuvuka mpaka isipokuwa kwenda Kisumu kwenye harusi, sasa inaniingia sikioni kwa simu, kwa sauti ya mtoto anayeniita Jaja, yaani bibi. "Jaja, ni kweli! Hapa mvua inanyesha kila alasiri, kama ulivyotuchorea ubaoni!" Mshauri, sijui kama unaelewa mwalimu wa jiografia anasikia nini anapoambiwa maneno hayo.

Haya yote nayajua mimi peke yangu. Baba yake, mwanangu Maftah, na ssenga yake, yaani shangazi, binti yangu Kulusum, ambaye kwa desturi ya hapa ndiye mwenye kazi ya kumwozesha binti, wao wanaamini Nusura bado yuko langoni Abu Dhabi na sare yake. Yeye ndiye aliyeniomba ninyamaze mpaka apate kitu cha kuwaonyesha. Nikanyamaza.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia. Masikio yangu yamekuwa mazito, kwa hiyo sauti anazonitumia Nusura nazisikiliza kwa kipaza, na siku moja Kulusum alikuwa ameketi miguuni pangu ananikata kucha, nikabonyeza bila kufikiri, na sauti ya mtoto ikajaa chumba: "Jaja! Nimepata mkanda! Nimepewa jana mbele ya watu wote, nimelia kama mtoto! Mwili mzima unauma, hata kulala siwezi, lakini sijawahi kufurahi hivi!"

Wewe unaijua Kampala. Mtu akisema amepata mkanda, nani anafikiria suruali? Kwa Kiswahili mkanda, kwa Luganda kisipi, lugha zote mbili zimeukubali ule upele wa moto unaozunguka kiuno, ambao majirani wakiusikia hushusha sauti na kuanza kuuliza mgonjwa alikuwa akitembea na nani. Wembe ulimdondoka Kulusum.

"Bambi! Mama, umesikia? Kisipi!"

"Nimesikia."

"Mbele ya watu wote! Wamemvua nguo mbele ya watu?"

"Kulusum, ngoja nikueleze..."

"Na anasema anafurahi! Mama, homa imempanda kichwani!"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba ni mkanda wa kitambaa, wa buluu, wa kwanza baada ya ule mweupe wa wanaoanza, na kwamba mtoto ameutolea jasho. Nilifungua mdomo. Lakini ningeeleza mkanda, ningeeleza na Tbilisi, na mataulo, na kubanana sakafuni, na nilikuwa nimeahidi, na tena pumzi ilinikata, na Kulusum alikuwa ameshatoka mbio kumwita kaka yake, nami nikabaki na mguu mmoja umekatwa kucha na mwingine bado.

Tangu hapo mambo yamekwenda kwa raha ambayo inanitia aibu. Kulusum aliyekuwa akimtafutia Nusura mchumba kila msimu ameacha kabisa, wachumba wote amewafukuza kwa visingizio. Kila Alhamisi wanawake wa mtaa wanakuja kusoma Yasin sebuleni kwangu ili mtoto apone, wanapewa chai na kabalagala za ndizi, na mimi, mshauri, naitikia amin kwa ugonjwa usiokuwepo, na sauti yangu ndiyo ya kwanza kusikika kwa sababu nakaa karibu na msomaji. Na jambo kubwa kuliko yote, Maftah na Kulusum wamekubaliana Nusura asiambiwe habari ya moyo wangu. "Akipata mshtuko," anasema Kulusum, "ule mkanda utampanda mpaka usoni." Kwa hiyo hakuna anayemwambia, na ule upele nao hawamtajii, wasije wakamwaibisha. Nusura akipiga simu anauliza, "Jaja, hujambo?" nami najibu, "Sijambo," maana kwetu jibu lingine halipo, nadhani hata tukiulizwa kwenye jeneza tutajibu sijambo.

Nimejificha hapo, nyuma ya upele huo, na nimepapenda. Juzi Nusura amepata viza ya Brazil, kule mchezo wake ulikokulia, kuna mwalimu mmoja mjini Belém amekubali kumpokea, na Belém iko mlangoni mwa Amazoni, mto niliouchora ubaoni mara nyingi mpaka mkono unaweza kuuchora bila mimi. Akijua hali yangu, atarudi. Simdhanii, namjua. Atakuja kukaa pembeni ya kitanda ananishikia bakuli, na viza itaisha muda, na mimi nitakufa nikijua kwamba nimemkata mtoto njiani. Lakini asipojua, atapigiwa simu akiwa kule, ataambiwa Jaja amezikwa, na atakumbuka kwamba kila alipouliza niliitikia sijambo.

Nikuambie na hili, ujue ninampenda kiasi gani. Sina nguvu tena ya kujigeuza kitandani, lakini Nusura aliwahi kunionyesha kwenye video namna wanavyojinasua wakilaliwa, unakunja goti, unasukuma kwa unyayo, unachomoa nyonga, na mimi nikaijaribu, na mpaka leo najigeuza mwenyewe hivyo hivyo, siku moja hospitalini muuguzi alipoona aliita wenzake waje watazame. Alinifundisha pia kugonga. Kwao, ukibanwa mahali pabaya unamgonga mwenzako mara mbili kwa kiganja naye anaachia papo hapo, na hakuna anayekucheka. "Jaja, wanaoumia ni wale wabishi," aliniambia. "Mimi nagonga kila siku. Na wewe nikikuchosha na maneno yangu, gonga simu kwa pete yako mara mbili, nitaachia." Tulicheka sana. Sijawahi kugonga. Nikiishiwa pumzi namwambia kuna mtu mlangoni.

Je, nikae kimya mpaka afike Brazil, au niseme? Na nikisema, nianze na nani? Nilidhani labda ukiichapisha barua hii Kulusum ataisoma, na itakuwa nimesema bila kusema. Nijibu haraka.

Wako,
Bibi wa Kansanga

JIBU LA NAMALWA

Shikamoo, Mwalimu.

Kwanza nikiri kwamba nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaniuliza kama niko salama. Kisha nilifika kwenye "kuna mtu mlangoni," nikaisoma tena barua tangu mwanzo.

Pole kwa moyo wako. Na hongera kwa mkanda wa mjukuu, nadhani mimi ni mtu wa pili tu mjini Kampala kumpa hongera hiyo, na hilo ndilo kosa la kwanza nitakalokugombeza. Mtoto ametoa jasho nchi za watu, amepata cha kuwaonyesha wazazi, kile kile alichokuomba umsubirie, na wewe umekiacha kigeuke upele. Ahadi uliyompa iliisha siku ile ile aliyokuambia amepata. Tangu hapo humtunzii siri yake, Mwalimu. Unatunza ya kwako.

Mtazame Kulusum. Umemwandika kwa utani, nami naona alivyo na mdomo, lakini ndiye anayekukata kucha. Mwanamke huyu anauguza wagonjwa wawili, mmoja kitandani na mwingine ng'ambo, na huyo wa ng'ambo hana hata mafua. Mimi ni Mkristo, mambo ya Yasin nawaachia wenyewe, lakini sidhani Mungu amekasirika na amin zako. Aliyechoka ni Kulusum. Mtue mzigo mmoja, leo, kabla kabalagala za Alhamisi hazijakaangwa.

Usinitumie mimi kumwambia. Mambo ya kusema bila kusema mimi siyafanyi, na ndiyo sababu jibu hili nimelituma kwako kwa mkono Ijumaa, na gazeti litatoka Jumapili. Hapo katikati nafasi unayo ya kutosha mtu kuita watoto wake chumbani. Kulusum akisoma hapa, awe anasoma habari anayoijua, acheke na yeye.

Sasa Nusura. Unasema unamlinda asikatwe njiani. Naamini unampenda. Naamini pia kwamba unaitaka Belém kwa ajili yako, na sikulaumu, ningekuwa nimeuchora mto huo maisha yangu yote ningeutaka pia. Lakini safari ni ya miguu yake. Wewe umekwisha kuamua kwamba akijua atarudi, na kwamba akirudi atakuwa amepoteza, na yote hayo umeyaamua ukiwa umelala, bila kumuuliza mwenye safari. Msichana aliyetoka langoni Abu Dhabi akafika Malaysia kwa kufua mataulo ya watu anaweza kupewa habari mbaya akaamua mwenyewe la kufanya nayo. Viza huombwa tena. Mara nyingine wanakunyima, ndiyo, nisikudanganye. Lakini hiyo hasara anaijua ilivyo, ana umri wa kuibeba. Ile nyingine, ya kukumbuka sijambo zako zote moja moja, hiyo hutakuwepo kumsaidia.

Huenda akaja. Huenda akakuambia, "Jaja, naenda Belém, na kila jioni nitakuonyesha mto kwa simu mpaka mwisho." Lolote atakalochagua, usibishane naye, wala usimbembeleze. Kama ni kuja, mwambie avuke kizingiti chako akiwa ameufunga huo mkanda kiunoni, Kulusum aushike kwa mikono yake, aone kwamba unafuliwa kwa sabuni. Na wachumba wakirudi, hilo ni la Nusura na ssenga yake. Sikusikia kwamba anashindwa kujinasua.

Fanya hivi. Waite Maftah na Kulusum wakae kitandani kwako. Waeleze mkanda, waache wapige kelele, watapiga, kisha watakushukuru, na kelele zikiisha mpigie Nusura mchana, kipaza kikiwa wazi. Atauliza, "Jaja, hujambo?"

Usijibu. Najua ulimi utakimbilia kule kule ulikozoea, uzuie. Kulusum akitaka kujibu kwa niaba yako, mshike mkono. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mtoto huyu alikufundisha la kufanya ukibanwa, na kwamba hakuna anayekucheka, na kwamba yeye hulifanya kila siku.

Pete unayo kidoleni. Gonga simu mara mbili, Mwalimu. Ataachia maneno yote, na atasikiliza.