Kilio cha Dereva wa Kitabuni

Busia, upande wa Uganda
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kwa kaka yangu Mubarak,

Assalaam alaykum warahmatullah. Pokea salamu zangu mimi dada yako Rukiyah, pamoja na za kila mtu wa nyumba hii anayejua kwamba leo nimeketi kukuandikia. Hujambo? Wifi yangu Fauziya hajambo? Na mgongo wako je, ule uliokuwa ukikusumbua tangu Ramadhani? Nasikia Juba joto limezidi mwaka huu. Kama ndilo linalokufanya ulale sakafuni, acha, umri umekwenda. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Baba anakula vizuri, anafika msikitini kwa miguu yake, anagombana na mafundi wa malori yake kama ulivyomwacha. Mtoto wa jicho ndiye bado anamsumbua, na daktari amesema tusubiri. Duka langu la vitenge linakwenda.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimempa Levis, dereva wetu, akukabidhi mkononi. Nikikupigia simu huniachi nimalize jambo, unaingilia kati kwa maswali mpaka salio linakwisha. Barua huwezi kuikatiza. Tena kuna sababu nyingine, nayo utaikuta huko mbele. Agiza chai, kaa vizuri. Habari ni za mdogo wetu Nasifu, na ni njema, kwa hiyo usianze kukunja uso.

Wewe ulikuwa umeshahamia Juba Nasifu alipoanza kutangaza kile kipindi cha maswali, Jibu Lako, kwenye runinga ya Nairobi. Hukuona mji ulivyovimba kichwa. Kila Alhamisi jioni hoteli za pande zote mbili za mpaka zilikuwa zinanyamaza. Mshiriki akishajibu, Nasifu alikuwa anamtazama tu bila kucheka, anapanga kadi zake, anakunywa maji, mpaka mtu aliyesema jua linachomoza mashariki anaanza kutokwa na jasho. Baba alikaa kiti cha mbele kwenye hoteli ya karibu na paki ya malori, akijibu kabla ya washiriki, na akikosea anasema swali lilikuwa baya. Watu wakamwita Baba Jibu. Akachoresha jina la kipindi nyuma ya trela, kwa rangi nyekundu.

Kisha Nasifu akaacha kazi. Hakugombana na mtu wala hakufukuzwa. Alikuja nyumbani akatuambia kwa upole kwamba muda wote huo, akingoja kupakwa poda kabla ya kipindi, alikuwa akiandika hadithi za mauaji na upelelezi, na sasa anataka kuandika tu. Baba akamuuliza kama anaumwa. Huko paki wakaanza kusema kijana ameuza maswali, ameshikwa. Hilo baba alilivumilia, maana alijua ni uongo.

Kilichomshinda ni kitabu chenyewe kilipotoka, Foleni Haisongi. Kinaanza na dereva wa lori anayeitwa Okochi, aliyekutwa amekufa kwenye usukani katikati ya foleni ya mpakani, injini inanguruma, milango imefungwa kwa ndani. Unawajua madereva wetu. Gari likishapakiwa mzigo, hakuna anayetaja kifo cha dereva. Tanboi, yule msaidizi wa dereva, akifanya mzaha wa ajali anateremshwa, atajijua. Sasa mtoto wa tajiri mwenyewe ameliweka jambo hilo kwenye maandishi, tena mle kitabuni ua wa tajiri wa Okochi ni ua wetu, nyuma ya paki, na geti lake la buluu. Baba akasema ni mkosi. Kitabu kile kisivuke geti, na aliyekiandika asivuke mpaka aache upuuzi huo. Ndiyo maana Nasifu hajala Idi na sisi miaka mitatu. Na wewe ulipopiga simu ulisema baba ana haki. Sikulaumu, nakukumbusha tu.

Kumbe kitabu kinatembea. Kaka, wacha nijisifu kidogo, maana wewe uko mbali na hakuna wa kunizuia. Sasa ameshatoa vitatu. Ukiingia duka la vitabu Kisumu utavikuta, ukienda Mbale utavikuta. Watu kwenye foleni ya kugonga pasipoti wanasoma wamesimama, wakiitwa dirishani hawasikii. Nimevipanga dukani kwangu kati ya vitenge, na wanawake wanakuja kubishana kama afande Atai, yule askari wa kike anayepeleleza, aolewe au asiolewe. Mwalimu mmoja wa upande wa Kenya aliniambia kwamba zamani alimwona Nasifu kama kijana mwenye suti nzuri, lakini sasa anamheshimu. Nilijivuna mpaka nikampunguzia bei ya kitenge, na unajua mimi si mtu wa kupunguza.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi uliopita. Redio moja ya Tororo iliomba ruhusa ya kusoma Foleni Haisongi hewani, sura moja kila jioni. Msomaji ni Benedeta, Msamia wa huku kwetu, yule yule anayesoma matangazo ya vifo. Sauti yake unaikumbuka. Ikianza, hata watoto wanaambiwa wanyamaze, maana kila kijiji kinasikiliza nani ameondoka na atazikwa wapi. Siku ya kwanza alisema mapema kwamba kitabu kitasomwa, kisha akaingia kwenye matangazo ya vifo. Yalikuwa mengi, muda ukambana, ule wimbo wa kutenganisha vipindi haukupigwa. Akaunganisha moja kwa moja ukurasa wa kwanza. Na ukurasa wa kwanza, kwa ujanja wa Nasifu, ni tangazo la kifo: familia inasikitika kutangaza kifo cha Okochi, dereva wa malori, mzaliwa wa Nabuyoga, na mwili umelazwa kwa tajiri wake Busia, ua wenye geti la buluu nyuma ya paki.

Watu wengi wakishasikia mahali mwili ulipo wanazima redio, wanatunza betri.

Asubuhi, baba ametoka tu msikitini, pikapu ikasimama getini imejaa watu wa Nabuyoga. Wanawake walikuwa wameshaanza kulia toka barabarani. Wakateremsha mabenchi, turubai na kuni. Nyuma yao wakafika akina mama wa Paya na maharage na kuku, halafu mzee mmoja wa Petta, Oundo, kwa bodaboda, macho mekundu kabisa. Nilikuwa nafungua duka nikasikia kilio kinatoka nyumbani kwetu. Nilikimbia bila viatu, nikijua ni baba.

Nikamkuta baba amesimama uani na kofia yake, anauliza nani amekufa. Wakamwambia ni dereva wake. Akawatazama madereva wake mmoja mmoja, wote wapo, Levis anapiga mswaki. Akauliza dereva gani. Wakasema Okochi. Nikaona uso wake unabadilika. Nilijua ameelewa. Mkosi aliouogopa miaka mitatu ulikuwa umeingia kwa geti lake mwenyewe na mabenchi juu. Niliona kabisa anavyofungua mdomo amkane Nasifu mbele ya watu wa vijiji vitatu, na neno la namna hiyo, likishasemwa mbele ya watu, mzee kama baba halirudishi tena. Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo nisimpoteze ndugu yangu pale uani.

Baba akawatazama wageni na mabenchi yao. Kisha akanigeukia.

"Hawa watu wamekuja kulia," akasema. "Kwanza wakule."

Tukaweka masufuria makubwa jikoni. Yeye akavuta kiti, akawaeleza wageni kwa adabu kwamba Okochi si mtu aliyezaliwa na mama, ni wa kitabuni, na kosa si lao. Ukimya ulioingia hapo sijawahi kuusikia kwenye kilio. Wengine walijifunika nyuso kwa leso, nadhani walikuwa wanacheka. Mzee Oundo alikataa katakata. Alisema anamfahamu marehemu vizuri. "Mimi na Okochi tulikuwa nakula sahani moja," akasema, na machozi yakamtoka upya. Baba akamwambia basi huyo naye tutamwombea.

Halafu mama mmoja wa Paya akasema yeye ameshatoa machozi ya kweli na hawezi kuyarudisha, kwa hiyo angalau aambiwe huyo mtu alikufaje. Na baba, kaka, akaanza kusimulia. Akasimulia injini inavyonguruma bila mtu wa kuizima. Akasimulia afande Atai anavyopanda lorini, anavyonusa chupa ya chai, anavyorudi kwenye mzani wa malori kumtafuta karani aliyetoroka. Alikuwa na kila kitu, mpaka rangi ya soksi za marehemu. Watu wakasogeza mabenchi. Madereva wetu, ambao hawatajiwi kifo cha dereva, wakaacha kazi wakaja kuchuchumaa. Alipofika pale Atai anaposema amemjua muuaji, baba akanyamaza. Akarekebisha kofia, akaomba maji, akanywa taratibu huku anawatazama. Wakamsihi. Akasema wamngoje Benedeta kila jioni, na mara hii wasizime redio. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nikaelewa Nasifu alirithi wapi kipaji chake cha kuwatesa watu.

Nasifu alikuwa Kisumu kuonana na wasomaji wake. Levis alikuwa amempigia simu amwambie nyumbani kuna kilio, lakini akasahau kumwambia kilio cha nani, na ndiyo sababu kijana alifika mchana akiwa amekauka midomo. Alisimama nje ya geti. Baba yuko hai, amemwona, lakini hakuthubutu kuingia kwa sababu alishakatazwa. Watu wakageuka kumtazama. Baba akainuka, akatembea mpaka pale, akamshika mkono, akamleta katikati ya mabenchi.

"Huyu ndiye aliua Okochi," akasema. "Ni mtoto yangu."

Akina mama wa Paya walipiga vigelegele mpaka watu wa paki wakaja kuchungulia. Nasifu, aliyezoea kusema mbele ya nchi nzima, alishika mkono wa baba kwa mikono yake miwili, akabaki kuinamisha kichwa. Mzee Oundo alimtazama sana, kisha akamwambia kwamba kitabu kijacho amwache mtu afike nyumbani. Tukala wote pamoja. Watu waliondoka jioni wameshiba, na jioni hiyo kila redio ya Nabuyoga, Petta na Paya ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho.

Sasa ile sababu nyingine. Utakuwa umeshajiuliza baba alikijuaje kitabu alichokikataza, tena kwa macho yale. Mimi ndiye niliyemsomea. Ilianza Ramadhani hii. Alikuja dukani akajifanya anakagua paa, mwisho akakiri kwamba kule paki madereva wanabishana juu ya muuaji, wakimwona wananyamaza, na amechoka kuwa yeye peke yake asiyejua. Tukawa tunafunga mlango nusu baada ya alasiri, wateja wanaambiwa tunapanga mali. Aliniapisha nisimwambie mtu, si wewe wala Nasifu. Sasa ameniruhusu nikwambie wewe, na ndiye aliyenituma niandike.

Kuna mahali katikati ya kitabu Okochi, kabla ya kufa, anapiga simu nyumbani kutoka kwenye foleni. Mke anamuuliza kama amekula. Anasema amekula nyama choma na wali, ameshiba mpaka hawezi kugeuka. Watoto wanacheka. Anakata simu, anakunywa maji ya dumu, anajilaza kwenye viti, maana posho yote ya safari ameiacha kwa mkewe. Niliposoma hapo baba aliniinulia mkono ninyamaze. Nikamwona analia, Mubarak. Baba yetu, mbele ya vitenge. Akaniuliza, "Huyu mtoto alijuaje?"

Enzi zile baba bado dereva wa malori ya watu, alikuwa akitupigia simu hivyo hivyo kutoka safarini. Sisi wote tulikuwa tunaamini. Marehemu mama alikuwa akitupa simu tumsalimie, na wewe ulikuwa unamuuliza nyama ni ya mbuzi au ya ng'ombe, naye anakujibu. Nasifu alikuwa mdogo kuliko sote, hakuwa hata akiuliza kitu. Alikuwa anasikiliza tu.

Jambo hilo baba hajamwambia. Anasema ameshamkaribisha, ameshamtaja mbele ya watu, lakini maneno haya mzee hawezi kumtazama mwanawe machoni akayasema. Anataka yafikishwe na kifungua mimba. Nasifu atakuja Desemba na atakaa mwezi mzima. Baba anakuomba nawe uje, umchukue mdogo wako pembeni, umfikishie ujumbe wake. Nimemuuliza mara mbili kama hakuna la kuongeza, akasema ni hilo tu: mwambie ni kweli, nilikuwa sijala.

Wifi Fauziya mpe salamu zangu, na kitenge alichoagiza kimo kwenye mfuko alionao Levis. Baba anakusalimu, Benedeta pia anakusalimu, ingawa bado ana aibu. Safari yako iwe ya heri.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Rukiyah