Daktari Aliyemeza T

Mwenzangu, uko? Sijui kama bado nina kazi.

Nilikuwa karakanani nasugua meno bandia, nikamsikia yule daktari mpya wa kutoka ng'ambo akimwambia mama mwenye kliniki, "Wi ken kip ha." Anayesemwa ni mimi. Ukuta ule unajua ulivyo mwembamba.

Wi ken kip ha! Sasa wanaweza kubaki na mimi, au hawawezi?

Maana mimi Kiingereza nilikisoma redioni. Kule "siwezi" ni "kaant", mdomo unafunguka hadi magego yanaonekana. Kwake yeye kuweza ni "ken", kutoweza pia "ken".

Nikasema nisimhukumu bure, nimpime kwanza. Nikamuuliza, naweza kufungua dirisha? Akaitikia kwa kichwa: "Yu ken." Naweza kuzima tanuru? Akatikisa kichwa: "Yu ken." Hiyo ya pili aliikata kidogo, kama mtu mwenye kwikwi.

Meno thelathini na mawili, ulimi mzima, T anaimeza ya nini? Nahisi anafanya makusudi, asije akashikwa kwa neno lake.

Na ile ya ukutani, aliikata? Sikumbuki!

Ngoja, anakuja.

Mwenzangu. Amenipa ufunguo wa karakana nifunge, akaanza kuvaa sweta. Kichwa kikiwa bado ndani ya sweta akasema, "Yu ken kip it." Akaenda zake.

Nimesimama mlangoni. Niutie mkobani, au niuache mezani kwake?